Krapf Maana Yake Kulabu



Tulikuwa Kibuyuni tukisaidia kikundi kimoja cha akina mama wa mwani kujaza karatasi za kufungua akaunti. Kazi ikakwama pale penye "jina la ukoo". Mama mmoja kitambulisho chake kinasema hivi, daftari la kikundi linasema vile, na cheti cha kuzaliwa cha mtoto wake kina jina la tatu. Karani akarudisha karatasi zote. Mzee aliyekuwa akishona wavu hapo kando akauliza: "Hivi hawa Wazungu, majina yao ya ukoo walizaliwa nayo?" Tukaona swali hili tulijibu hapa, wote wasome.

Tuchukue jina moja la Kijerumani ambalo Pwani inalijua. Johann Ludwig Krapf alizaliwa mwaka 1810 Derendingen, karibu na mji wa Tübingen, kusini mwa Ujerumani. Alifika Mombasa mwaka 1844, na mwaka huo huo akamzika mkewe na mtoto wao mchanga. Mwaka 1846 yeye na mwenzake Johannes Rebmann walianza misheni Rabai. Mwaka 1850 alisafiri kwa chombo kufuata pwani yetu hii ya kusini mpaka Rasi ya Delgado. Kamusi yake ya Kiswahili ilichapishwa mwaka 1882, yeye akiwa ameshafariki mwaka mmoja kabla.

Sasa jina lenyewe. Katika Kijerumani cha kale, krapfe ni kulabu, kile chuma kilichopinda. Watu wa huko walikuwa wakikanda unga, wanaupinda kama kulabu na kuukaanga, nao ukaitwa Krapfen. Hata leo Krapfen ni andazi la kukaangwa, ndugu wa mahamri yetu, ila mara nyingi hutiwa jamu ndani. Basi majina ya namna hii yalianza kwa mpika maandazi, au kwa mtu aliyepinda mgongo, majirani wakamtania. Kumbe ni lakabu tu! Si hata huku mtu huitwa Kobe mpaka jina lake likasahauliwa?

Rebmann ni rahisi zaidi: Reb ni mzabibu, Mann ni mtu. Kwao Gerlingen walilima mizabibu. Müller ni msaga unga, Schmidt ni mhunzi.

Zamani sana Mjerumani alikuwa na jina moja. Kuanzia miaka ya 1100 hivi miji ilikua, kina Johann wakawa wengi, na makarani wakaanza kuongeza: Johann yule msaga unga. Polepole nyongeza hiyo ikarithiwa na watoto, hata kama mtoto hajawahi kushika jiwe la kusagia.

Lakini si wote. Pwani ya kaskazini, Friesland ya Mashariki, watu waliitana kama sisi: mtoto anabeba jina la baba, mjukuu naye anabeba la babake, na jina la mwisho linabadilika kila kizazi. Mwaka 1811, Napoleon wa Ufaransa akitawala huko, ikatoka amri kila mtu awe na jina la ukoo lisilobadilika. Tahajia nayo ilikuwa ovyo. Ukoo mmoja padri huyu anauandika Schmidt, yule Schmitt, kila mtu alivyosikia. Mwaka 1876 ndipo Ujerumani nzima ilipoanza kuwa na ofisi za serikali za kuandikisha vizazi, ndoa na vifo, na majina yakaanza kuganda.

Kwa hivyo sisi hatukukosa ukoo. Mdigo ana fuko lake la upande wa mama, ila haliandikwi kwenye kitambulisho. Juma Hamisi Bakari akimzaa Bakari, mtoto ni Bakari Juma Hamisi, na kijiji kizima kinamjua. Shida ni karatasi. Shamba la babu likitakiwa kurithiwa, iwe kwa Kadhi au mahakama nyingine, majina yasiyofanana yatadai hati ya kiapo kwamba huyu na yule ni mtu mmoja, na wakili hali bure. Ndugu zetu Wapemba, waliotambuliwa kuwa raia mwaka 2023, wanajua uzito wa kuandikwa jina.

Wale akina mama walinunua daftari la kurasa mia. Kila mmoja ana ukurasa wake: jina herufi kwa herufi kama kitambulisho, chini yake la baba, la babu, na la mama. Watoto wakiandikishwa, mama huenda na ukurasa ule. Yule mama mwenye majina matatu ameanza na cheti cha mtoto.

Mzee wa wavu naye aliomba ukurasa, ingawa si mwanachama. Alitaka jina la babu yake liandikwe kwa "dz", siyo "z" kama walivyomwandikia.