Kisiwa cha Mvua Nyingi Kisicho na Mto

Mwanafunzi akiulizwa kwa nini mahali fulani hapana mito, aghalabu hujibu kwamba mvua haitoshi. Kisiwa cha Ngazija katika Komoro chalikanusha jibu hilo. Mjini Moroni hunyesha zaidi ya milimita 2,500 za mvua kwa mwaka, na kwenye miteremko ya magharibi ya mlima Karthala kiasi hicho hupindukia milimita 5,000. Hata hivyo kisiwa kizima hakina mto hata mmoja utiririkao mwaka mzima, na vijiji vingi vimeishi kwa maji ya mvua yaliyowekwa akiba katika mabirika.

Sababu ni umri wa miamba. Visiwa vya Ngazija, Mwali, Nzwani na Maore vimo kati ya Msumbiji ya kaskazini na Madagaska, ambayo wazee wetu waliiita Bukini. Vyote vinne vilijengwa na volkeno kutoka sakafu ya bahari. Kwa jumla miamba ya Maore, upande wa mashariki, ndiyo mikongwe, nayo ya Ngazija ndiyo michanga. (Kanuni hii isikaririwe kama sala: mwaka 2019 wataalamu waligundua volkeno mpya chini ya bahari, kiasi cha kilometa 50 mashariki ya Maore.) Ngazija bado inajengwa. Karthala, yenye kimo cha meta 2,361, ni miongoni mwa volkeno zilizo hai sana duniani.

Zaha, yaani lava, inapopoa hupasuka nyufa na kubaki na matundu mengi. Mvua ikiiangukia huzama papo hapo. Lakini karne nyingi zikipita, joto na unyevu huuozesha mwamba hata ukawa udongo wa mfinyanzi. Udongo huo huziba nyufa. Maji, yakikosa pa kupenya, hutiririka juu ya ardhi na kuchonga mabonde. Ndiyo maana Nzwani na Mwali vina mito.

Mwalimu aweza kulionyesha jambo hili darasani kwa makopo mawili yaliyotobolewa chini. La kwanza litiwe kokoto tupu. La pili, kokoto zilizofunikwa kwa mfinyanzi ulioshindiliwa. Kisha yote yamiminiwe maji kwa kiasi kilicho sawa.

Maji yaliyozama Ngazija hayakupotea. Hushuka mpaka yakutane na maji ya bahari yaliyopenya ndani ya mwamba, na kwa kuwa maji matamu ni mepesi zaidi, huelea juu yake. Ujazo mmoja wa maji ya bahari una uzito mara 1.025 ya ule wa maji matamu. Kwa hiyo panapo meta 1 ya maji matamu juu ya usawa wa bahari, zipo meta 40 hivi chini ya usawa huo. Hesabu hii huwatia hofu wachimbaji wa visima, maana pampu ikivuta hata kuishusha ile meta 1 kwa nusu, mpaka wa chumvi hatimaye hupanda meta 20. Visima vingi vya pwani vina maji ya chumvichumvi.

Birika nalo lina adui wake. Mnamo Novemba 2005 Karthala ilirusha majivu mengi, yakaingia katika mabirika na kuharibu maji ya kunywa ya watu zaidi ya 100,000.

Je, Nzwani, yenye udongo mzuri wa kuziba nyufa, imesalimika? La. Misitu ya vilimani imefyekwa ili kupata mashamba. Pasipo miti na majani yaliyooza ya kuyachelewesha, maji ya masika hukimbilia baharini kwa siku chache, yakichukua udongo wenyewe. Mito mingi iliyokuwa ikitiririka mwaka mzima sasa hukauka kiangazi, na akina mama huteka maji katika vidimbwi vilivyosalia kati ya mawe.