Kuchagua Shokomzoba za Pikapu Inayovuta Tela

Kila msimu ukikaribia maswali juu ya magari huzidi maswali juu ya karafuu zenyewe. Mara hii wengi wameuliza habari ya shokomzoba, ambazo mafundi wengine huziita shokapu: zipi zifaazo kwa pikapu ivutayo tela, na je, zile ngumu za bei kubwa zina faida ya kweli? Swali hili ni la fedha, na pia ni la roho za watu, maana tela likianza kuyumba mteremkoni halimsikilizi tena dereva.

Kwanza yafaa tuiondoe dhana moja. Wengi hudhani kuwa shokomzoba ndiyo ibebayo mzigo. Sivyo. Mzigo hubebwa na springi. Kazi ya shokomzoba ni kuituliza springi baada ya kutikisika. Ndani yake mna pistoni inayolazimisha mafuta yapite katika matundu membamba. Nguvu za mtikiso hugeuka kuwa joto, na joto hutokea nje kwa ganda la chuma. Basi mtu ambaye pikapu yake imeinama mkia, akenda dukani akanunua shokomzoba ngumu kuliko zote, atarudi nyumbani na mkia ulioinama vilevile, na gari likiwa tupu litamrusha mpaka kichwa kigonge paa. Gari lililoinama lataka springi zitazamwe, au mzigo upunguzwe.

Na mzigo wa tela si ule tuuonao kwa macho tu. Chukua tela la kilo 1,200, mkono wake ukiilalia ndoana ya gari kwa kilo 120. Ikiwa magurudumu ya mbele na ya nyuma ya pikapu yameachana mita 3, na ndoana iko mita 1.2 nyuma ya ekseli, basi ekseli ya nyuma haiongezewi kilo 120 bali kilo 168, na magurudumu ya mbele hupunguziwa kilo 48. Ndiyo sababu usukani huwa mwepesi na taa humulika minazi badala ya njia. Juu ya hapo bado hujahesabu magunia na wachumaji waliomo ndani ya pikapu yenyewe. Tukumbuke pia kuwa karafuu mbichi kilo tatu hutoa kavu kilo moja hivi. Gari lililokwenda vizuri na karafuu kavu huenda likaelemewa na mbichi za kutoka shambani kwenda kuanikwa.

Mkono wa tela uwe na uzito wa kadiri ya sehemu moja katika kumi ya uzito wote wa tela lililopakiwa. Kupima si kazi ngumu: simamisha tela mahali pa usawa, litie vizuizi magurudumuni, kisha uulaze mkono juu ya mizani ileile ya magunia, kwa kimo kilekile cha ndoana. Mkono ukiwa mwepesi mno tela huyumba huku na huku. Wanaopeleka majani na makonyo kiwandani Wawi wajihadhari hasa, maana mzigo ule ni mwingi kwa umbo, na watu hupenda kuurundika nyuma. Tela lililopakiwa hivyo hapana shokomzoba duniani itakayolituliza.

Ukisha kuyatengeneza hayo, ndipo utazame shokomzoba zako za zamani. Ile inayovuja mafuta imekwisha. Tairi inayolika kwa mabonde mabonde nayo ni dalili. Wengine hukandamiza kona ya gari wakahesabu mara ngapi litacheza, lakini kwa pikapu yenye springi nzito za nyuma jaribio hilo halisemi mengi. Lililo bora ni hili: baada ya safari ya njia mbovu, simama, kisha uguse kila shokomzoba kwa uangalifu, usije ukagusa ekzosi. Zinazofanya kazi huwa na joto. Ukiona moja ni ya baridi na mwenziwe ana joto, ile ya baridi imekufa.

Sasa kununua. Ziko za mafuta matupu, zenye ganda mbili, moja ndani ya nyingine. Bei yake ni nafuu na kwa lami na mzigo mdogo zatosha, lakini katika njia ya mashimo mafuta hupata moto, huchanganyika na hewa yakawa povu, na povu halizuii kitu. Ziko za namna hiyohiyo zilizotiwa gesi ya nitrojeni ya shinikizo dogo ili kupunguza povu. Hizi ndizo tunazoziona zawafaa wengi wetu. Tena ziko za ganda moja na gesi ya shinikizo kubwa. Si jambo geni, kwani Bilstein ya Ujerumani iliziweka katika Mercedes-Benz tangu 1957. Hizi hupoa upesi na hazichoki kwa urahisi, na avutaye tela zito kila siku atazishukuru. Ila pistoni yake hupita katika ganda hilohilo la nje. Jiwe likilibonyeza, pistoni hukwama na fedha zako zimekwenda.

Kama umeongeza bapa katika springi za nyuma, mwambie muuzaji, kwa sababu springi ngumu zaidi yahitaji shokomzoba yenye nguvu zaidi ya kuizuia inaporudi. Chukua nambari ya gari lako, na upime urefu wa ile ya zamani ikiwa imefumbwa na ikiwa imenyooshwa. Iliyo fupi mno hung'oka vifungo, na iliyo ndefu mno hugonga mwisho wake kabla ekseli haijafika kwenye mpira wa kuizuia. Za mtumba zilizofunguliwa katika magari mabovu tusizitamani kwa ajili ya tela. Hujui zimekaa miaka mingapi. Na zinunuliwe mbili mbili, kushoto na kulia pamoja.

Fundi akizifunga, zile za ganda mbili azisimamishe wima na kuzipampu mara kadhaa ili hewa itoke. Zenye gesi asizitoboe wala asizichomelee. Boliti zipitazo kwenye mipira azikaze mwisho gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, si likiwa juu ya jeki, la sivyo mipira hujipinda na kuchanika. Baada ya safari mbili tatu za mzigo, aingie tena uvunguni na spana azijaribu nati zote.