Neno la Mungu Ndani ya Gari



Wengi wenu mnatuuliza kwa nini redio inasikika vizuri mjini Uvira, lakini gari likielekea Makobola na Baraka sauti inaanza kukwaruza. Sababu ni milima. Mawimbi ya FM yanakwenda moja kwa moja, hayapindi kona. Huko kusini milima inashuka karibu kabisa na ziwa, na mlima ukisimama kati ya antena na gari, sauti inakatika. Anayepanda Ngomo kwenda Bukavu anaijua shida hiyo.

Redio ya intaneti inapita njia nyingine. Sauti inakatwa vipande vidogo vidogo, vinarushwa na antena za telefoni mpaka kwenye simu yako. Simu inaweka akiba ya sekunde chache. Mtandao ukipotea kidogo, unasikia ile akiba. Ikiisha, ni kimya. Kwa njia hiyo hiyo ndugu zetu waliopitia kambi ya Nyarugusu na kufika Marekani wanaweza kusikia mahubiri ya Kiswahili wakienda kazini.

Tuhesabu gharama. Sauti ya kilobiti 64 kwa sekunde inakula karibu mega 29 kwa saa. Ya kilobiti 128 inakula karibu mega 58. Kwa mahubiri, ile ndogo inatosha. Karibu na mpaka, upande wa Kavimvira, simu inaweza kushika mtandao wa Burundi na kumaliza pesa yako, basi chagua mtandao wako mwenyewe. Vizuri zaidi, pakua mahubiri nyumbani kabla ya safari.

Lakini kuna jambo kubwa kuliko mega. Katika Matendo ya Mitume sura ya 8, towashi wa Ethiopia alikuwa akisoma Isaya garini. Alipoona maji aliamuru gari lisimame. Maana yake ni kwamba mwingine ndiye aliyeliendesha. Msomaji alisoma, na dereva alishika kazi yake.

Na sisi tufanye vile. Dereva afungue redio kabla ya kuondoka. Sauti ikikatika njiani, abiria ndiye aguse simu. Kama yuko peke yake, asimame kwanza pembeni. Penye daraja, bariere au soko, kama pale Sange, sauti ishushwe, ili dereva asikie honi na mtoto anayelia. Na mhubiri akisema tufumbe macho tuombe, ndugu dereva, wewe omba macho wazi! Mungu anakusikia, na waliomo garini wanakutegemea ufike nao.

Kwenye teksi, uliza abiria kwanza kama wanapenda kusikiliza. Neno linalopokelewa kwa hiari ndilo linaloota mizizi.

Bwana awalinde njiani, mtokapo na muingiapo. Amina.