Heme ikikatika, umeme wa bakteria unakatika pia

Ukisikia neno heme, huenda unawaza damu mara moja. Ni sawa: ni pete ya kemikali yenye atomi moja ya chuma katikati, ndiyo inayoshika oksijeni ndani ya hemoglobini na kuipa damu wekundu wake. Lakini bakteria wengi nao wanaitengeneza, na hawana damu hata tone. Wanaitaka ya nini?

Mchukue Staphylococcus aureus, yule wa majipu na vidonda vyenye usaha. Anapovunja glukosi anapata elektroni, nazo hupokezanwa kwenye utando wa seli kama ndoo za maji nyumba inapoungua, mkono hadi mkono. Mwisho wa mstari kuna vimeng'enya vyenye heme. Chuma cha heme hupokea elektroni na kuiachia, hupokea na kuiachia, mpaka oksijeni izichukue. Wakati huohuo protoni zinasukumwa nje, ndani kunabaki chaji hasi. Protoni zikirudi, zinazungusha mashine inayotengeneza ATP. Ninaposema umeme sisemi kwa mafumbo: ni volti halisi, zaidi ya milivolti 100 kwenye utando usioonekana kwa macho.

Sasa ondoa heme. Bakteria huyu huijenga kwa hatua kadhaa, akianzia na glutameti, asidi amino ya kawaida tu. Jeni ya hatua mojawapo, tuseme hemB, ikiharibika, mstari unakosa mtu wa mwisho. Bakteria hafi. Anategemea uchachushaji, unaompa ATP chache mno kwa kila glukosi, basi anakua kwa kujikongoja. Kwenye sahani ya maabara wenzake wanatoa koloni kubwa ndani ya saa 24. Yeye anatoa vidoti kama ncha ya pini, tena baada ya siku mbili au tatu. Mwenye haraka ataitupa sahani hiyo akidhani haina kitu.

Hapo ndipo jambo linapomhusu mgonjwa. Dawa kama jentamaisini ina chaji chanya, na ili iingie ndani ya seli inahitaji kuvutwa na ile chaji hasi. Yaani bakteria mwenye nguvu anaivuta sumu kwa umeme wake mwenyewe! Asiye na heme ana umeme hafifu, dawa haiingii ya kutosha, naye anabaki hai. Wala hajajifunza kuivunja dawa. Amepungukiwa tu, na upungufu umemwokoa. Koloni ndogo za namna hii hupatikana kwenye maambukizi sugu ya mifupa na ya vifaa vilivyopandikizwa mwilini, yale yanayoonekana kupona kisha yanarudi.

Kumtambua si kazi kubwa ukishamshuku. Weka juu ya sahani kiduara cha karatasi chenye hemini, ambayo ni aina ya heme ya maabara, kisha usubiri. Kama kasoro ni ya heme, koloni zilizo karibu na karatasi zinanenepa, za mbali zinabaki vidoti vilevile. Umeme umerudi, na jentamaisini nayo imepata njia tena. Wapo wengine ambao kasoro yao ni ya menakwinoni, jamii ya vitamini K, inayobeba elektroni kabla hazijaifikia heme. Hao hata uwape hemini, hawanenepi.