Kidude cha FM kinagoma kwenye IST? Usinunue redio mpya kwanza

Umechomeka kidude cha FM kwenye tundu la kuwashia sigara, simu imeshika bluetooth, kidude kinaonyesha 98.0, lakini redio ya gari haifiki huko. Fundi Temeke anakwambia redio imekufa, leta hela. Subiri kwanza.

Magari mengi ya Dar yametumika Japan. Huko FM ilikuwa 76 hadi 90 (baadaye ikasogezwa hadi 95), kwetu ni 87.5 hadi 108, na kidude chako nacho kinaanzia 87.5. Kwa hiyo kwenye redio ya zamani vinakutana sehemu ndogo tu, kati ya 87.5 na 90. Zima kidude, tembeza redio humo taratibu, tafuta namba yenye "shhh" tupu, halafu weka kidude namba hiyo hiyo. Usikae jirani na 88.5, Clouds itakumeza. Kama gari lilishafungwa kifaa cha kuongeza masafa, namba hazitalingana. Hapo fuata sikio.

Kwenye foleni ya Mbagala ukisikia ghafla taarabu ambayo hukuiweka, ujue gari la jirani liko namba yako. Hama, au sikiliza tu.

Wa waya wa AUX, ule mlio mwembamba unaopanda ukikanyaga mafuta mara nyingi unaletwa na chaja. Ichomoe uone. Na flashi isiyosomwa, ifomati upya kwa FAT32, ila hamisha nyimbo kwanza maana zote zitafutika.