Kolwezi: shaba iko chini ya miguu, kombe linalala Lubumbashi

Siku TP Mazembe inapokuja kucheza Kolwezi, mgeni anaweza kufikiri kwamba yuko Kamalondo. Jezi nyeusi na nyeupe zinajaa uwanjani, na wengi wanaozivaa hawakupanda basi kutoka Lubumbashi. Ni watu wa Dilala na Manika, komini mbili za mji huu: wafanyakazi wa makampuni ya migodi, wachimbaji wa mikono ambao wote huwaita creuseurs, wanafunzi, wamama wauzaji wa soko. Wanashangilia Kunguru. Halafu ekipe ya nyumbani ikipata kona, wale wale wanasimama na kushika kichwa, wakiomba mpira uingie.

Nani anaweza kuwalaumu? Kolwezi ni makao makuu ya jimbo la Lualaba tangu Katanga ya zamani ilipogawanywa mara nne mwaka 2015. Jimbo lina gavana wake, bunge lake na bajeti yake. Upande wa kabumbu, mgawanyo huo bado haujafika. Moyo wa shabiki umebaki kwenye mji ulio kilomita karibu 300 upande wa kusini-mashariki, kwa sababu huko ndiko makombe yaliko.

Na makombe yenyewe si machache. Mazembe imetwaa Ligi ya Mabingwa ya Afrika mara tano: 1967, 1968, 2009, 2010 na 2015. Imeongeza Kombe la Shirikisho mara mbili mfululizo, 2016 na 2017. Mwezi wa kumi na mbili 2010, Abu Dhabi, iliipiga Internacional ya Brazil mabao 2-0 na kuwa ekipe ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya Kombe la Dunia la vilabu. Inter Milan iliwafunga 3-0 katika fainali, lakini ni nani anakumbuka hilo? Watu wanakumbuka Robert Kidiaba akirukaruka kwa makalio juu ya majani. Kijana wa Kolwezi ambaye wakati ule alikuwa na miaka kumi, leo ana ishirini na zaidi, na hakuna ekipe ya mji wake iliyompa kitu cha kulinganisha na usiku ule.

Katika orodha yote ya mabingwa wa Congo tangu uhuru, hakuna hata jina moja la Kolwezi. Kinshasa iko pale na AS Vita Club, DCMP na wengine. Lubumbashi iko pale na Mazembe na Saint-Éloi Lupopo. Mbuji-Mayi iko pale na Sanga Balende, Kananga na Tshinkunku. Mji unaotoa sehemu kubwa ya utajiri wa nchi haupo.

Sababu ya kwanza ni ya zamani kuliko mashabiki wote walio hai. Mazembe na Lupopo zote mbili zilizaliwa mwaka 1939, wakati Lubumbashi ilikuwa bado Élisabethville. Mazembe ilianzishwa na mapadri Wabenedikto waliokuwa wakiongoza shule ya Saint-Boniface, ikiitwa Saint-Georges, kisha ikabeba jina la Englebert, chapa ya matairi ya magari. Lupopo nayo ilikua karibu na watu wa reli, ndiyo maana mpaka leo inaitwa ekipe ya Cheminots. Shule, misheni, reli, ofisi kubwa za Union Minière: vyote vilikuwa Élisabethville. Kolwezi ilijengwa kama mji wa mgodi. Pesa ilitoka hapa, lakini maamuzi yalichukuliwa kule. Ukitazama ramani ya kabumbu ya leo, utaona ramani ile ile.

Sababu ya pili ni mtu. Moïse Katumbi alichukua uongozi wa Mazembe mwaka 1997, akiwa mfanyabiashara ambaye kampuni yake ilifanya kazi na migodi. Yeye na ekipe yake walikubaliana na jambo ambalo viongozi wengi wa kabumbu yetu hawalikubali: kuwa na subira. Walijenga uwanja wao wenyewe, uliofunguliwa 2011, wakati vilabu vingi vya nchi bado vinakopa uwanja wa serikali. Walileta wachezaji kutoka Zambia, kama Rainford Kalaba, na kutoka Tanzania, kama Mbwana Samatta na Thomas Ulimwengu. Samatta alimaliza Ligi ya Mabingwa ya 2015 akiwa mfungaji bora, na mwanzoni mwa 2016 akaenda Genk, Ubelgiji.

Hapo ndipo pengo linapojiongeza lenyewe. Mwaka 2023 bingwa wa Afrika alipewa dola milioni 4, na ekipe iliyofika tu kwenye hatua ya makundi, hata ikimaliza ya mwisho, ilipata dola 700,000. Congo inapeleka ekipe mbili kwenye Ligi ya Mabingwa na mbili kwenye Kombe la Shirikisho. Ekipe inayoingia makundi mwaka huu inapata pesa za kununua wachezaji wa kuirudisha mwaka kesho. Ekipe ya nafasi ya nane au ya tisa inapata deni la hoteli.

Kolwezi haikukaa bila kujaribu. AS Simba na Blessing FC zimecheza Ligue 1 ya Linafoot katika misimu ya karibuni, mara nyingine zote mbili kwa pamoja, na kwa wapenzi wa mpira wa hapa hilo lilikuwa sherehe. (Simba hii isichanganywe na ile ya Dar es Salaam, ambayo mwaka 2011 ilifungwa na Mazembe uwanjani nyumbani na ugenini, kisha ikaishinda kwenye ofisi za CAF kwa sababu ya mchezaji asiyestahili kucheza. Simba wa Kolwezi hawajapata bahati ya namna hiyo.) Kufika pale ni safari ndefu: kwanza entente ya mji, kisha ligi ya jimbo, kisha Ligue 2, ndipo Ligue 1. Kubaki pale ni kazi nyingine kabisa.

Wengi wanauliza: itakuwaje mji wa kobalti ukose pesa ya ekipe moja? Congo inatoa karibu asilimia 70 ya kobalti yote ya dunia, na sehemu kubwa inatoka Lualaba. Mwaka 2023 nchi ilipita Peru na kuwa ya pili duniani kwa shaba, nyuma ya Chile. Kamoto, Mutanda, Tenke Fungurume, Kamoa-Kakula: majina haya yanasomwa kila siku kwenye masoko ya London na Shanghai.

Jibu ni kwamba pesa ya mgodi haipiti mlangoni mwa kilabu. Kwa sheria ya migodi ya 2018, ushuru unaoitwa redevance unagawanywa hivi: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa mamlaka ya eneo lenye mgodi, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Juu ya hiyo, kila kampuni inapaswa kutenga asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya watu wanaoishi karibu. Katika mipango hiyo, maji, shule, barabara na vituo vya afya vinakuja mbele, na ni haki. Nani atasimama kwenye mkutano wa kartie isiyo na maji ya bomba na kuomba nyasi za uwanja?

Kwa hiyo kilabu kinabaki mikononi mwa mfadhili: mwanasiasa, mfanyabiashara wa madini, mtu mwenye mapenzi au mwenye kura za kutafuta. Anapokuwa na nguvu, wachezaji wanalipwa. Bei ya madini ikianguka, mshahara wa wachezaji ndio wa kwanza kusahauliwa. Kolwezi inaijua hali hiyo vizuri. Mwisho wa 2019 Glencore ilisimamisha kazi Mutanda, na mgodi ukarudi kufanya kazi 2021 tu. Mwezi wa pili 2025 serikali ilizuia kobalti kutoka nchini, ikaja kuruhusu tena mwezi wa kumi kwa kiasi kilichopimwa. Mfanyabiashara ambaye mzigo wake umekaa ghalani hanunui mshambuliaji.

Kalenda nayo inaumiza wadogo zaidi. Msimu wa 2022-2023 haukumalizika kabisa, na hakuna bingwa aliyetangazwa. Ekipe kubwa ilivumilia, kwa kuwa ilikuwa na mechi za Afrika na hazina yake. Ekipe ndogo iliendelea kulisha wachezaji ambao hawachezi, au iliwaacha waende. Mpango wa kugawa ligi katika kanda ya mashariki na ya magharibi, ulioanza 2023-2024, ulipunguza safari za ndege za kwenda Kinshasa, na hapo Linafoot inastahili pongezi. Lakini kwa Kolwezi kuna uchungu ndani yake: kanda ya mashariki ndiyo ya Mazembe na Lupopo. Umepunguziwa gharama, ukafungiwa chumba kimoja na simba wawili.

Kuna mlango mmoja ambao vilabu vya Lualaba vingeweza kuufungua bila kumwomba mtu yeyote, na ajabu ni kwamba unazungumzwa kidogo sana. Kanuni za FIFA zinasema kwamba mchezaji anapouzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine, asilimia 5 ya bei inagawanywa kwa vilabu vilivyomlea kati ya miaka 12 na 23. Kila mwaka kati ya 12 na 15 una thamani ya asilimia 0.25, na kila mwaka kati ya 16 na 23 asilimia 0.5. Tuseme kijana amecheza katika kilabu cha Kolwezi tangu miaka 12 hadi mwisho wa 17, akachukuliwa na ekipe ya Lubumbashi kwa pesa kidogo au bure, kisha akauzwa Ulaya kwa dola milioni moja. Kilabu chake cha kwanza kinastahili asilimia 2, yaani dola 20,000. Kwa ekipe ya entente, hiyo ni viatu, mipira na usafiri wa misimu mingi.

Lakini pesa hiyo inalipwa kwa karatasi. Tangu mwisho wa 2022 FIFA ina ofisi yake maalum inayogawa malipo haya, na inafuata historia ya mchezaji kama ilivyoandikwa na shirikisho la nchi yake. Mtoto ambaye alicheza miaka sita kwenye vumbi la Kolwezi bila leseni, kwa mujibu wa kompyuta hakucheza popote. Pengo kati ya wakubwa na wadogo linaanzia hapo pia, kwenye daftari la katibu wa kilabu. Mazembe ina watu wa kufuatilia mafaili. Vilabu vingi vidogo vina katibu mmoja anayefanya kazi hiyo jioni, baada ya kazi yake ya kweli.

Je, matumaini yana msingi? Mashabiki wa Kolwezi wanatazama Kindu. AS Maniema Union inatoka mji usio na shaba ya kuuza wala njia rahisi ya kuufikia, na uwanja wake hautoshi kwa masharti ya CAF. Hata hivyo ilifika hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa msimu wa 2024-2025, ikipokea wageni wake Kinshasa, mbali na watu wake. Msimu ule ule taji la Congo lilikwenda kwa Les Aigles du Congo wa Kinshasa, ambao hawakuwa wamelitwaa hata mara moja. Hawakuwa maskini, ni kweli. Lakini hawakuwa Mazembe, wala Vita, wala DCMP, na kwa kijana wa Manika habari hiyo ilitosha kuanzisha ubishi wa juma zima.

Ubishi huo mara nyingi unaishia mahali pamoja. Wazee wanasema kwanza kupanda na kubaki misimu mitano bila kushuka, kombe litafuata. Vijana wanataka mfadhili mkubwa, leo. Wengine, wachache, wanauliza kama jimbo haliwezi kutoa sehemu ndogo ya asilimia zake 25 kwa viwanja vya watoto katika kartie, si kwa mishahara ya ekipe moja. Kisha mtu anakumbusha kwamba Jumapili Mazembe inacheza, na wote wanatafuta mahali penye televisheni.