Kisima Chako na Petroli

Ndugu mkulima wa Kipalapala, wapagazi wa zamani waliopita Tabora kwenda Ujiji walikunywa maji ya visima vifupi kama hivi vyetu. Walichoogopa ni kiangazi. Siku hizi iko hatari nyingine, nayo twaileta shambani kwa mikono yetu: petroli na dizeli za pampu, za mashine ya kusaga na za pikipiki.

Chini ya nchi yetu kuna mwamba wa matale. Maji ya kisima hukaa katika udongo na mawe yaliyolegea juu ya mwamba huo, na mahali pengi juu kabisa ni kichanga. Petroli ikimwagika juu ya kichanga hushuka upesi. Nyingine hunata njiani. Iliyobaki hufika kwenye maji, na kwa kuwa ni nyepesi huelea na kutandaa kufuata mwendo wa maji, mara nyingi kuelekea bondeni, huko huko tulikochimba visima vya bustani. Mvua ikinyesha, maji hupanda na kuikuta ile iliyonata, na harufu hurudi. Basi usiseme kisima kimepona kwa sababu mwezi wa Septemba hukunusa kitu.

Katika petroli mna benzini, ambayo huyeyuka majini na yaweza kuleta saratani ya damu. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha gramu moja katika lita 100,000, yaani madebe 5,000 hivi. Pua haiinusi benzini mpaka izidi sana kikomo hicho. Dawa ya klorini haiitoi. Kuchemsha nako si dawa, maana mvuke wake hujaa jikoni alipo mama na mtoto.

Huko Kenya, mwezi wa Mei 2015, mafuta yaliyovuja kutoka bomba la Mombasa na Nairobi yaligunduliwa katika bonde la mto Thange, Makueni. Wakulima wa bonde hilo walipoteza maji ya mto na ya visima, na mashamba yao yaliharibika.

Kiangalie kisima mara moja kila mwezi, asubuhi kabla ya ndoo ya kwanza. Nusa kwanza. Ukisikia harufu ya petroli usivute sigara, usiteremshe taa, wala mtu asiingie kisimani, kwa maana mvuke huo huwaka na huzimisha mtu. Kama hakuna harufu, teka maji taratibu, uyatazame juani. Visima vya mbugani mara nyingi huwa na utando wenye rangi za upinde wa mvua, na watu hushtuka bure, kwa kuwa mwingi ni kutu ya chuma tu. Ukate kwa kijiti. Ukivunjika vipande kama utando wa uji uliopoa, ni kutu. Ukijifunga tena nyuma ya kijiti, ni mafuta. Andika katika daftari tarehe, ulichoona, na kina cha maji kwa kamba yenye mafundo.

Nimekuta pampu nyingi zimewekwa ukingoni kabisa mwa kisima, kopo la petroli likiwa pembeni. Si uvivu, mpira wa kunyonyea ni mfupi na fedha ni chache. Lakini hata hivyo waweza kuiweka pampu ndani ya karai ili matone yasifike chini. Kabla ya kujaza, zima injini, iache ipoe, uichukue upande wa bondeni mbali na kisima. Oili chafu usiimwage chini. Itie katika dumu, uipeleke gereji.

Ukiona dalili ya mafuta, acha kunywa maji hayo, wala usiyamwagie mchicha. Waarifu jirani walio upande wa bondeni siku ile ile, kisha umwambie mtendaji, naye apeleke habari Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Tanganyika. Maji ya kupimwa yatiwe katika chupa ya kioo iliyo safi, si ya plastiki, ijae mpaka mdomoni pasibaki hewa, ifungwe, ikae mahali penye giza na ubaridi, ifike maabara upesi. Daftari lako liende pamoja na chupa hiyo.